Buibui Ndani ya Gari: Tusiwaponze Watoto kwa Dawa

Ilikuwa siku ya Ijumaa, nasi tulikuwa tumetoka Tanga asubuhi kwenda Morogoro kwenye harusi ya mdogo wetu. Segera tulikuwa tumekwisha kuipita. Watoto watatu walikuwa kiti cha nyuma pamoja na bibi yao, Baba watoto alikuwa kwenye usukani, na nguo za harusi zilikuwa zimening'inizwa dirishani. Kabla ya kuufikia mteremko wa Wami, buibui mmoja akateremka kwa uzi wake kutoka kwenye kile kibao cha kuzuia jua, akaning'inia mbele ya macho ya dereva. Hakuwa mkubwa, kifungo cha shati kingemfunika. Lakini Baba alirusha mkono, sisi tukapiga kelele, gari likatoka kwenye lami na kukimbilia majanini. Lori lililokuwa likija mbele yetu likapita likipiga honi. Tuliposimama, hakuna aliyeweza kusema neno ila mtoto wetu mdogo, aliyeuliza, "Sasa buibui yuko wapi?"

Hatukujua alipo. Ndiyo sababu siku ya tatu, tuliporudi nyumbani, tulifanya kosa kubwa kuliko la kwanza. Tulinunua kopo la dawa ya kuua wadudu, tukapandisha vioo vyote, tukapuliza chini ya viti, juu ya kapeti na ndani ya matundu ya hewa mpaka kopo likawa jepesi mkononi. Tukaliacha gari limefungwa usiku kucha, tukijiona tumefanya kazi ya maana. Asubuhi tuliwapakia watoto kwenda shule kama kawaida. Hatukufika mbali. Yule wa pili, ambaye ana pumu, alianza kukohoa, kifua kikambana, tukageuza gari kuelekea hospitali. Alipata nafuu, tunamshukuru Mungu. Lakini muuguzi aliyetupokea alituuliza swali ambalo halijatutoka mpaka leo: "Mama, mlikuwa mnamwua buibui, au mlikuwa mnamwua nani?"

Tangu siku hiyo tumejifunza mambo kadhaa kuhusu wadudu wa garini, nasi tumeona tuwaandikie akina mama wenzetu, maana gari la familia siku hizi ni kama chumba kingine cha nyumba. Watoto hula humo, hulala humo, na wengine hutapika humo.

Nani amemkaribisha?

Buibui hali makombo ya biskuti. Yeye hula wadudu. Kwa hiyo ukimwona amejenga utando garini mwako na anakaa, ujue kuna anachokipata. Sisi tulipoinua kiti cha mtoto tuliona aibu. Kulikuwa na maganda ya karanga, nusu ya andazi lililokuwa gumu kama jiwe, na juisi iliyomwagika siku nyingi ikaganda kwenye kapeti. Juisi ile ilikuwa imewaita sisimizi na nzi, andazi lilikuwa limewaita mende, na hao wote walikuwa wamemwita buibui. Tulikuwa tumemwandalia karamu, kisha tukamlaumu kwa kufika.

Mende wa garini mara nyingi ni wale wadogo wa rangi ya kahawia isiyokoza. Jike lao hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 na haliachi mpaka karibu na kuangua, hivyo mmoja tu aliyejificha kwenye katoni ya dukani au kikapu cha sokoni anatosha kuanzisha ukoo mzima chini ya viti. Tangu tulijue hilo, katoni hazilali tena kwenye buti letu. Hutolewa siku ile ile, na kikapu hukung'utwa nje.

Tena kuna suala la mahali tunapoegesha. Sisi tulikuwa tukiegesha chini ya mwembe kwa ajili ya kivuli. Kwenye mwembe kuna maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba, nao hudondoka juu ya gari na kupenya kwenye raba za milango. Aliyewahi kukalia maji moto hahitaji kuelezwa zaidi. Watoto wa buibui nao husafiri kwa namna ya ajabu: hupanda mahali pa juu, huachia uzi mwembamba, na upepo huwabeba. Dirisha lililoachwa wazi kidogo ni mlango wa kuwatosha kabisa.

Je, ni hatari?

Wengi wao hawana madhara kwa binadamu, na hung'ata tu wanapobanwa. Hata hivyo, katika Afrika Mashariki yupo buibui mmoja wa rangi ya kahawia ambaye inafaa kumfahamu. Chini ya tumbo lake ana alama ya rangi ya chungwa yenye umbo la vikombe viwili vilivyogusana matako, na kifuko chake cha mayai ni kama kidonge chenye miiba midogo pande zote. Hupenda mahali pa giza pasiposumbuliwa, kama vile chini ya kiti, nyuma ya gurudumu la akiba, au ndani ya mpini wa kiti cha mtoto. Kuumwa naye kuna maumivu, ingawa kwa kawaida hakuui. Usimshike kwa mkono mtupu, na ikiwa amemng'ata mtoto, nenda hospitali bila kungoja uone itakavyokuwa.

Kwa upande mwingine wapo buibui wa kuonewa huruma. Kando ya Ziwa Victoria, huko Mbita nchini Kenya, wanasayansi wamemchunguza buibui mdogo anayeruka badala ya kutega utando. Mwaka 2005 walitangaza kwamba buibui huyu huchagua mbu jike aliyekwisha kunyonya damu kuliko windo jingine. Sisi tuliposoma habari hiyo tulimkumbuka yule wa Wami kwa majuto kidogo, ingawa hatudai alikuwa wa ukoo huo.

Siku ya kusafisha

Chagueni siku ya jua. Toeni kila kitu: kapeti, kiti cha mtoto, jeki, gurudumu la akiba, karatasi za mwaka juzi. Kung'uteni kapeti mbali na gari na muzianike. Kisha tumieni brashi ngumu kwenye mifereji ambayo viti huteleza juu yake, maana humo ndimo makombo hujaa kuliko mahali pengine popote. Wenye kuweza wapeleke gari panapooshwa kwa mashine ya kuvuta vumbi na wamwombe kijana aingize mdomo wa mashine chini ya viti na kwenye mikunjo yake. Msione haya kusimama karibu na kuonyesha kwa kidole. Kijana akiachwa peke yake husafisha panapoonekana.

Baada ya hapo chovyeni kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na siki kidogo, mkikamue vizuri, mpanguse kila mahali sisimizi walipokuwa wakipita. Sisimizi hufuata harufu ya njia ya wenzao. Njia ikifutwa hupotea. Maji mengi yasimwagwe karibu na nyaya. Mkikuta kifuko cha mayai ya buibui, ambacho huonekana kama kipande cha pamba kilichofinyangwa, kibandueni kwa karatasi na mkitumbukize kwenye maji ya sabuni. Buibui mwenyewe hufunikwa kwa glasi, karatasi ngumu ikasukumwa chini yake, akapelekwa bustanini. Binti yetu wa kwanza hufanya kazi hiyo bila kupepesa macho, wakati Baba yake amesimama barazani.

Jua nalo lisaidie. Gari lililofungwa juani huweza kupata joto la nyuzi 20 zaidi ya nje kwa muda wa saa moja, kwa hiyo siku yenye nyuzi 32 ndani hupita 50. Wadudu wengi hawalistahimili joto hilo, ijapokuwa waliojichimbia ndani ya sponji ya kiti huokoka. Kwanza, lakini, kagueni kwa macho yenu kwamba hakuna mtoto wala mnyama ndani. Joto linaloua mende huua mtoto mapema zaidi. Toeni pia makopo ya dawa na ya manukato. Mengi yameandikwa yasiwekwe kwenye joto linalopita nyuzi 50, kwa sababu yanaweza kupasuka.

Kwa mende waliobaki, sisi tuliweka karatasi zenye gundi chini ya viti usiku na kuzitoa asubuhi kabla watoto hawajaingia. Usiku wa kwanza tulinasa saba. Baada ya wiki mbili tukawa tunanasa vumbi tu.

Habari ya dawa

Dawa nyingi za kupuliza zina kemikali zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, lile linalolimwa huko Iringa, Njombe, Mbeya na katika nyanda za juu za Kenya. Sumu ya pareto yenyewe huharibika upesi juani. Binamu zake wa kiwandani hudumu zaidi, na chini ya kapeti pasipofika mwanga hudumu siku nyingi. Kwa mtu mzima mwenye afya huenda zikaleta kikohozi na mwasho tu. Kwa mtoto mwenye pumu aliyefungiwa kwenye chumba kidogo kama gari, ni jambo jingine. Paka ndio hawaziwezi kabisa.

Ikiwa hamna budi kuzitumia, somo letu la gharama ni hili: pulizeni kidogo, asubuhi ya siku ambayo gari halina safari, watoto wakiwa mbali. Msipulize kamwe kwenye matundu ya hewa, kwani feni itakapowashwa itawarudishia dawa yote usoni. Gesi ya kopo huwaka moto, kwa hiyo asiwashe mtu gari wala kiberiti mpaka milango yote imekaa wazi kwa saa kadhaa. Kisha pangusa usukani, mikanda na kiti cha mtoto kwa maji ya sabuni.

Lakini zile dawa za kupimiwa sokoni kwenye chupa za soda, zisizo na jina, tunawasihi msizitie garini wala nyumbani. Nyingine ni sumu za shambani. Mtoto aliyezipata hutokwa na mate na machozi mengi, hutapika, mboni za macho husinyaa na misuli hutetemeka. Mtoeni kwenye hewa safi, mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni na maji, mkimbilie hospitali na chupa yenyewe mkononi ili daktari aione. Msimtapishe. Na maziwa, ambayo mama zetu walitufundisha kuyakimbilia, hayaondoi sumu hiyo. Yanapoteza muda tu.

Hata viwandani wanamjua

Baba alicheka tuliposema buibui anaweza kuharibu gari. Hacheki tena. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliyaita magari yake ya Mazda6 yapatayo 65,000 huko Amerika ya Kaskazini, kwa sababu buibui wa manjano, anayevutwa na harufu ya petroli, alikuwa akijenga utando katika bomba la kupumulia la tangi. Bomba likiziba, tangi linaweza kupata ufa. Mwaka 2014 yaliitwa mengine 42,000. Katikati ya hapo, mwaka 2013, Toyota iliita magari 870,000 hivi kwa sababu utando wa buibui uliweza kuziba mpira unaotoa maji ya mashine ya kupoza hewa, na maji hayo yakadondokea kifaa kinachoongoza mifuko ya hewa ya usalama.

Kwetu sisi wenye magari ya kawaida jambo la kuangalia ni dogo. Kapeti ya miguuni pa abiria wa mbele ikiwa na unyevu bila mvua, mwambieni fundi akague mpira huo. Aangalie pia majani yaliyojaa chini ya waipa, na kichujio cha hewa ambacho kwa magari mengi kiko nyuma ya droo iliyo mbele ya abiria. Chetu kilipotolewa kilikuwa na mabawa ya kumbikumbi, manyoya, na kiota kidogo cha udongo cha nyigu.

Akitokea mkiwa safarini

Kilichokaribia kutuua pale Wami si buibui bali mkono wa dereva na kelele zetu. Tumekubaliana nyumbani kwamba atakayemwona mdudu garini atasema kwa sauti ya kawaida, "Kuna mdudu," na aseme yuko wapi. Dereva ataangalia kioo, atawasha taa ya kuonyesha, atapunguza mwendo na kusimama nje ya lami. Hapo ndipo milango itafunguliwa. Ikiwa ni nyuki au nyigu, dirisha moja lishushwe mpaka chini. Mara nyingi hutoka mwenyewe bila kusukumwa. Dereva asimpige mdudu wa aina yoyote gari likiwa linakwenda, hata kama amemkalia shingoni.

Watoto tumewafanyisha mazoezi gari likiwa limesimama uani, tukitumia kipande cha uzi mweusi badala ya buibui. Bibi yao ndiye aliyechukua muda mrefu kuliko wote kujifunza kutopiga kelele. Glasi ya plastiki na karatasi ngumu hukaa kwenye mfuko wa mlango, upande wa abiria. Nyuma ya kioo cha pembeni cha kulia bado anaishi buibui mmoja ambaye hufuma utando kila usiku na sisi kuuvunja kila asubuhi. Huyo yuko nje, nasi tumekubaliana naye.