Istilahi za Vifaa vya Kujikinga Hospitalini: Je, Kila Barakoa ni Barakoa?

Tangu tarehe 11 Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotamka kwamba ugonjwa wa UVIKO-19 umekuwa janga la dunia nzima, maneno mengi ambayo hapo awali yalisikika ndani ya hospitali tu yaliingia vinywani mwa watu wote. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza kundi moja dogo la maneno hayo, yaani majina ya vifaa wanavyovaa madaktari, wauguzi na wahudumu wengine wa afya ili wasiambukizwe na wagonjwa wanaowatibu. Hatufanyi hivyo kwa ajili ya kuipamba lugha. Muuguzi aliyepewa kifaa kisichofaa, kwa sababu tu jina lake ni moja na la kifaa kinachofaa, anaweza kupoteza maisha yake.

Tuanze na neno kinga lenyewe. Neno hili lina maana zaidi ya moja, na mbili kati yake hukutana hospitalini. Kwanza ni kitu au tendo la kuzuia madhara. Pili ni uwezo wa mwili kupambana na maradhi, kama tusemapo kwamba chanjo huupa mwili kinga. Mtu akiambiwa kwamba wauguzi wa wodi fulani "wamepata kinga", hana njia ya kujua kama wamechanjwa au wamegawiwa glavu. Kwa hiyo ni vema uwezo wa mwili uitwe kinga ya mwili, na vitu vinavyovaliwa viitwe vifaa vya kujikinga. Istilahi hii ya pili ni ndefu kidogo kuliko vifaa kinga, lakini kiambishi -ji- kinaonyesha wazi kwamba anayekingwa ni yule avaaye.

Sasa tuje kwenye barakoa. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na katika mwambao wetu lilikuwa jina la vazi la usoni la wanawake, ambalo bado huvaliwa na baadhi ya wanawake wa Oman na nchi za Ghuba. Vazi hilo hufunika paji la uso na pua, likaacha nafasi ya macho. Kwa hiyo neno limehama: zamani lilitaja kifuniko cha sehemu ya juu ya uso, na leo linataja kifuniko cha pua na mdomo. Hatuna ugomvi na uhamaji huo. Maneno huhama, na barakoa limekubalika kiasi kwamba si rahisi kuling'oa, ingawa nchini Kenya na katika Kongo ya mashariki wapo pia wasemao maski.

Tatizo ni kwamba neno hili moja limebebeshwa vifaa vitatu visivyofanya kazi moja. Cha kwanza ni barakoa ya kitambaa, ishonwayo na fundi cherehani na kufuliwa. Cha pili ni barakoa ya hospitali, yenye mikunjo na kamba za masikioni au kisogoni. Hii huzuia matone ya mate ya mvaaji yasimfikie mgonjwa, na humkinga mvaaji asirushiwe damu au majimaji. Lakini haishiki uso sawasawa, na hewa hupita pembeni. Cha tatu ni kile kinachojulikana kwa alama ya N95. Kifaa hiki hushika uso pande zote, hata hewa yote ivutwayo ikalazimika kupita katika kichujio chake. Tarakimu 95 maana yake ni kwamba kichujio hicho kimepimwa na kuonekana kwamba huzuia angalau asilimia 95 ya chembe ndogo sana zielezo hewani. Hakimfai mtu yeyote bila kujaribiwa: mwenye ndevu nyingi, mathalani, hawezi kukivaa kikamshika ipasavyo.

Tofauti hii ina uzito mkubwa. Daktari anapomwingizia mgonjwa mpira wa kupumulia kooni, chembe ndogo hutapakaa hewani na kuelea. Hapo kifaa cha tatu ndicho kinachotakiwa. Tuchukue mfano wa mhudumu wa zamu anayeandika katika hati ya kuombea vifaa: "Barakoa, maboksi kumi." Karani wa bohari atatoa barakoa za hospitali maboksi kumi, wala hatakuwa amekosea, maana alichoombwa ndicho alichotoa. Kosa limo katika neno. Na wakati wa uhaba kosa kama hilo halisahihishwi kwa urahisi. Mwezi Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kila mwezi dunia ingehitaji barakoa za tiba milioni 89 na glavu za uchunguzi milioni 76.

Historia inatupa funzo la namna hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1910 tauni ilizuka katika nchi ya Manchuria, kaskazini mashariki ya China, na hatimaye ikaua watu wapatao 60,000. Daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, alitambua kwamba hii haikuwa tauni ya mitoki iletwayo na viroboto vya panya, bali tauni ya mapafu, inayopita kwa pumzi kutoka mtu hadi mtu. Akawaagiza wahudumu wavae barakoa za shashi na pamba. Daktari mmoja Mfaransa, Gérald Mesny, aliyekuwa na uzoefu mwingi, hakukubali. Alishikilia kwamba tauni ni ya panya, akawahudumia wagonjwa bila barakoa, na mnamo Januari 1911 akafa kwa ugonjwa huo huo. Jina la ugonjwa lilikuwa moja, lakini njia za kuambukiza zilikuwa mbili.

Je, kifaa cha tatu tukiiteje? Wengine wangependa kipumulio. Hatuliungi mkono neno hilo, kwa sababu tayari watu hulitumia kwa mashine imsaidiayo mgonjwa mahututi kupumua, na kuvichanganya vitu hivyo viwili kungezaa balaa jingine. Kutohoa neno la kigeni si lazima, maana lugha yetu inalo neno chujio, analolijua kila mpika chai. Tunapendekeza barakoa chujio. Alama ya N95 iandikwe baada ya jina, wala isiwe ndiyo jina, kwani zipo alama nyingine za nchi nyingine, kama FFP2 ya Ulaya.

Yapo maneno mengine yanayohitaji uangalifu. Katika wodi nyingi glavu huitwa mipira ya mikono, na mara nyingi mipira tu. Lakini mpira ni pia ule wa mkojo, na ule wa kupumulia tulioutaja hapo juu. Neno glavu limekwisha ingia katika kamusi zetu, litumike.

Jambo la mwisho linahusu vitenzi. Kuvaa na kuvua ni matendo yanayopingana, nayo hutofautiana kwa irabu moja tu. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, ambako Kiswahili husemwa na wengi, wahudumu walifanya kazi wakiwa wamefunikwa tangu utosini hadi nyayoni. Sauti ipitayo katika barakoa hufifia, na tendo la kuvua ndilo lenye hatari zaidi, kwa kuwa nje ya vazi huwa pamekwisha chafuka. Kwa hiyo tunashauri kwamba katika maagizo ya kazi kitenzi vua kibadilishwe na ondoa: "vaa glavu", lakini "ondoa glavu". Hakuna atakayeyasikia maneno hayo mawili kama neno moja.

Kwa muhtasari, mapendekezo yetu ni haya:

Kinga ya mwili – uwezo wa mwili kupambana na maradhi.
Vifaa vya kujikinga – vitu vyote avaavyo mhudumu ili asiambukizwe.
Barakoa ya kitambaa – ya matumizi ya kawaida ya raia.
Barakoa ya hospitali – izuiayo matone na majimaji.
Barakoa chujio – ishikayo uso na kuchuja hewa.
Glavu – mfuko wa mkono wenye vidole.
Ondoa – badala ya vua, katika maagizo ya kazi.

Hatudai kwamba tumefika mwisho wa safari. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa, na watumiaji wa istilahi hizi ni wauguzi wenyewe, ambao hatuna budi kuwasikiliza kabla ya kuzisanifisha. Wahenga walisema kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga ya methali hiyo ni kijinga cha moto, lakini funzo lake ni letu pia: wanalugha peke yao hawatoshi, wala waganga peke yao. Tunawaomba wasomaji wetu walio kazini hospitalini watuandikie majina wanayoyatumia, na watueleze ni yapi yaliyokwisha waletea utata.