Siku Tatu Chini ya Miembe ya Bagamoyo



Mwaka jana, siku moja ya likelemba, tuliangalia pamoja kwenye televisheni picha za mlima Koyasan, kule Japani. Juu ya mlima ule kuna mahekalu ya kale yanayolaza wageni. Mgeni analala kwenye mkeka, anakula chakula kisicho na nyama wala samaki, anaamka alfajiri kwa sala ya watawa, kisha anakaa kimya kutazama bustani ya mawe na misonobari. Tulipenda sana. Lakini tulisikia pia kwamba wanawake walikatazwa kuingia huko, mpaka serikali ya Japani ilipoondoa katazo mwaka 1872. Mama mmoja akasema: "Hata kule, mapumziko ya mwanamke yalichelewa!" Tukacheka. Ndipo mwingine akauliza: "Na sisi je? Hakuna mahali pa namna hii ambapo tutaelewa wanachosema?"

Mahali hapo papo. Ni misheni ya Bagamoyo, pwani ya Tanzania, karibu kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Tuliweka akiba, na likizo kubwa ya shule ilipofika tukaondoka, wamama saba. Maneno hayakukosekana mtaani. "Wamama wanaacha watoto kwenda kutazama miti?" Swali hilo tulilibeba mpaka mwisho wa safari, na leo tunataka kulijibu.

Njia ya shaba

Tulipanda basi Lubumbashi, tukavuka Kasumbalesa, tukakata Zambia yote hadi Tunduma. Njia nzima tulikuwa pamoja na malori ya shaba yanayotoka huku kwetu kwenda bandarini. Njia za kwenda pwani si mpya. Zamani za mfalme Msiri wa Bunkeya, misafara ilitoka Katanga ikiwa na misalaba ya shaba na pembe za ndovu, na pia watu waliofungwa. Kiswahili nacho kilipita kwenye njia ile.

Basi tulipofika, mtoto mmoja alitusalimu "Shikamoo", nasi wote tukamjibu "Jambo sana!" Akatucheka. Mama wa jikoni alitufundisha kujibu "Marahaba". Yeye anasema ugali, sisi bukari. Yeye kisamvu, sisi sombe. Siku ya pili alitupa nafasi jikoni, tukapika sombe yetu ya mawese kando ya kisamvu chake cha nazi. Sahani zote mbili zilirudi tupu.

Bustani na waliyoipanda

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Ukiingia, unapita katikati ya safu mbili za miembe mikubwa iliyopandwa karibu mwaka 1871. Matawi yamekutana juu, na chini kuna kivuli na upepo wa bahari. Mwaka 1872 kimbunga kikali kilibomoa majengo mengi pwani ile, pamoja na ya misheni, na watu wakaanza kujenga upya.

Hosteli ya misheni haina anasa. Kuna kitanda, chandarua na maji, na kengele ya asubuhi. Kati yetu kuna Wakatoliki, Wametodisti, Wapentekoste na Mwislamu mmoja. Aliyetaka kwenda misa alikwenda. Asiyetaka alikaa chini ya mwembe, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Kuna pia mbuyu mnene wenye kipande cha mnyororo kinachotokeza kwenye gome. Sisi tulidhani ni mnyororo wa watumwa, na wageni wengi hudhani hivyo. Lakini wenyeji wanasimulia kwamba bibi mmoja Mfaransa alimfunga punda wake pale, na mti ukaendelea kunenepa mpaka ukaumeza mnyororo.

Habari ya watumwa iko mahali pengine, nayo ni kubwa zaidi. Mapadre walikomboa watoto kwenye soko la watumwa la Unguja, wakawaleta hapa. Watoto wale walifundishwa kusoma, useremala na kilimo. Walipokua waliozeshwa, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji cha uhuru. Waliokombolewa ndio waliojenga pango la Bikira Maria mwaka 1876, na mikono yao ndiyo iliyolima mashamba ya misheni. Tusifiche upande wa pili: hakuna aliyewauliza kama wanataka maisha yale ya kengele na jembe. Wengi wao hawakuona tena kijiji cha mama zao. Labda wengine walitoka upande wetu.

Tuliona pia mnara wa kanisa la zamani ambapo maiti ya Livingstone ililazwa usiku mmoja, tarehe 24 Februari 1874. Alikuwa amekufa Chitambo, Zambia ya leo, mwezi wa tano 1873, na wenzake Waafrika walimbeba kwa miguu miezi mingi mpaka pwani. Majina ya Chuma na Susi yanajulikana. Sisi tuliuliza: nani aliyewapikia njiani? Katika kundi lile walikuwemo wanawake, na mmoja ni Halima, mpishi wa Livingstone. Tukakubaliana kwamba jina hilo nalo tutawafundisha watoto wetu darasani.

Mama aliyelia

Siku ya tatu, mama mmoja wetu alishika shina la mwembe, akaanza kulia. Tulimwacha alie. Wengi wenu mnamfahamu. Parseli yake ya zamani ilikuwa na miembe miwili na mparachichi mmoja, miti aliyoipanda kila alipozaa. Mgodi ulipofika mtaani kwake, familia ilihamishwa. "Walihesabu vyumba vya nyumba," akatuambia. "Kivuli changu hakuna aliyekihesabu." Tangu hapo anapanga nyumba, na hajapanda kitu tena. Alikuwa akisema: nitapandaje kwenye udongo ambao kesho si wangu?

Jioni ile, chini ya miti ile ile, alisema jambo lingine: "Hawa nao hawakuwa kwao. Wamepanda."

Jibu letu

Kwa hiyo, mliotuuliza: ndiyo, tulikwenda kutazama miti. Siku tatu hatukuchota maji, hatukuwasha makala, hatukumeza vumbi la barabara. Mama aliyepumzika anarudi na masikio ya kusikiliza watoto wake. Tumeliona hilo nyumbani kwetu. Na tumerudi na kazi.

Tumeotesha mbegu za maembe na maparachichi kwenye vifuko vya maji vilivyokwisha tumika. Mvua za mwezi wa kumi na moja zikishika, tutapanda. Chimbeni shimo la kina cha mkono mzima, changanyeni udongo na samadi iliyooza, acheni hatua kumi kutoka ukuta wa nyumba, na msisahau kumwagilia kiangazi cha kwanza. Mti wa mbegu unakawia kuzaa. Anayetaka matunda mapema atafute mche uliopandikizwa.

Mama asiye na parseli atapanda uwanjani mwa shule, kwa ruhusa ya mkurugenzi. Yule mama yetu amekwisha chagua nafasi yake, karibu na darasa la kwanza. "Wakinihamisha tena," amesema, "watoto watabaki na kivuli."

Mnaotaka kufunga safari kama yetu, tayarisheni pasipoti na karata ya chanjo ya homa ya manjano, andikieni hosteli mapema, na bebeni kitenge cha kufunika mabega. Kama Bagamoyo ni mbali, ulizeni parokia na nyumba za watawa za huku kwetu. Nyingine zinapokea wageni, na siku moja ya kimya nayo ni mapumziko.

Jumamosi, kwenye mkutano, kila mama aje na kifuko kimoja cha udongo. Mbegu tunazo.