Mguu Wenye Ganzi Usikandwe

Swali ni lilelile, anabadilika muulizaji tu. "Daktari, tumkande na maji ya moto kiasi gani ili mishipa iamke?" Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari, ila hilo nimeshaacha kulisahihisha. Anayeuliza mara nyingi ni mke au mama wa mgonjwa, na anauliza kwa adabu tu, maana beseni limeshaandaliwa nyumbani. Mgonjwa amerudi Bariadi kutoka kupasuliwa mgongo, ama Hospitali ya Bugando kule Mwanza au taasisi ya mifupa ya MOI kule Dar es Salaam, kidonda cha mgongoni kimefunga vizuri, maumivu ya kiuno yamepungua, lakini mguu mmoja una ganzi na kidole gumba hakinyanyuki. Akitembea, kandambili inabaki nyuma.

Nijibu mara moja kwa wote, kuanzia Lamadi hadi Mwanhuzi. Msimkande.

Neva inayonyanyua wayo wako haikuumia kwenye wayo. Imeumia kiunoni, inapochomoza kati ya pingili, na huenda ilianza kuumia muda mrefu kabla ya kisu, tangu diski ilipoibana au tangu ulipodondoka kutoka juu ya lori la pamba. Upasuaji ulikwenda kuondoa kilichobana. Neva iliyobanwa kwa miezi haiwi nzima siku hiyohiyo, na wakati mwingine upasuaji wenyewe huiongezea shida, kwa kuivuta au kwa damu kuvilia karibu nayo. Hayo ulipaswa kuelezwa kabla ya kusaini fomu. Lakini lawama iende kwa yeyote, hitilafu iko kiunoni na ninyi mnahangaika na kifundo cha mguu.

Halafu kuna joto lenyewe. Mguu wenye ganzi haujui kuwa unaungua. Anayekanda naye ana viganja vilivyozoea sufuria ya ugali, hawezi kuwa kipimo. Matokeo yake nayaona: taulo limechovywa, limekamuliwa, limezungushwa kwenye wayo na kufunikwa kitenge ili joto lisitoke, na mgonjwa anaendelea kupiga soga, hana habari. Usiku yanatoka malengelenge. Keshokutwa ngozi inabanduka kwa mistari, ileile mikunjo ya taulo. Kidonda kama hicho hakimuumi mwenyewe, kwa hiyo anakikanyagia, kinachimbika, na kikifika kwenye mfupa tunaanza kuzungumzia kukata kidole. Aliyekwenda kutibiwa mgongo analazwa kwa sababu ya mguu. Wapo wanaotia chumvi, wanaochemsha majani, wanaokaanga mchanga na kuufunga kwenye soksi. Ngozi haichagui kilichoiunguza.

"Mbona jirani yetu alikandwa akapona?" Hoja hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Alikandwa, na akapona. Neva iliyominywa bila nyuzi zake kukatika hurudi yenyewe, kwa wiki kadhaa hadi miezi mitatu hivi. Ile ambayo nyuzi zake zimekatika hukua upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, sawa na sentimita 3 kwa mwezi, na kutoka kiunoni hadi misuli ya mbele ya muundi ni zaidi ya nusu mita. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya mwaka na miezi minne, na nyingine hazifiki kabisa. Katika muda wote huo familia haikai bure. Mwezi huu maji ya moto, mwezi ujao mchuaji, baadaye unga wa mizizi ulionunuliwa mnadani. Siku kidole kikitikisika, sifa zote anapewa aliyekuwa zamu. Angekuwa zamu muuza karanga, tungekuwa tunapaka karanga.

Mchuaji naye asiguse mgongo uliopasuliwa. Wengine mmewekewa vyuma na skrubu, na mfupa huchukua miezi mingi kushikana. Kupakwa mafuta mguuni taratibu hakudhuru, kunaburudisha, lakini hakuoteshi neva. Akikuambia anarudisha pingili mahali pake, ita bodaboda uondoke. Na sindano za vitamini B mnazochomwa kila wiki zinamfaa aliyepungukiwa B12, jambo linalopimwa. Katika vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B mna B6, ambayo ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva zilezile mnazotaka kuzitibu.

Nafasi inaniishia, kwa hiyo haya ya maana nayasema haraka. Ukiwa umenyoosha miguu, pitisha kanga chini ya vidole, vuta wayo kuelekea kwako, hesabu hadi 30, achia, rudia mara kadhaa asubuhi na jioni. Kifundo kikikakamaa, hata neva ikirudi haitakuta cha kukunja. Omba kishikizo cha plastiki cha kuvaa ndani ya kiatu, kinazuia kujikwaa. Viatu vya kufunika vidole, si kandambili. Kila jioni mtu akague nyayo. Tembea kila siku, kwa gongo ikibidi, na usibebe gunia mpaka aliyekupasua aruhusu. Maumivu ya kuwaka moto na kuchoma kama sindano yana dawa zake, amitriptilini au gabapentini, kwa dozi ya daktari. Diklofenaki ya kila siku itakuumiza tumbo na figo bila kuigusa neva. Pima sukari. Acha sigara. Asiyeweza kusimama ageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili. Mazoezi anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu hapo Nyaumata, Bariadi, usingoje tarehe ya kurudi Mwanza.

Subira yote niliyoihubiri ina mpaka wake. Ganzi mpya sehemu za siri na makalioni, mkojo kugoma au kutoka bila kujua, mguu unaozidi kulegea badala ya kupata nguvu, homa na usaha mgongoni: hata moja tu kati ya dalili hizo, usikande, usichuliwe, usingoje basi la asubuhi. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na mlangoni taja kwanza kwamba umefanyiwa upasuaji wa mgongo.