Mama Akiwa Zamu ya Usiku, Nani Atasikia?

Mama mwenzangu, umewahi kumpeleka mtoto hospitali kwa tatizo la usiku, na mbele ya daktari akawa mzima, anacheza na kuchekacheka? Jambo hilo lilinipata mimi, na mimi ni muuguzi.

Mwaka 2007 binti yangu alikuwa na umri wa miaka 5. Usiku alikoroma, asubuhi aliamka amechoka, na mwalimu wa chekechea aliniambia kwamba anasinzia darasani. Miezi hiyo nilikuwa zamu ya usiku, na baba yake alikuwa safarini kikazi. Mama mkwe, aliyelala naye chumba kimoja, alisema, "Anakoroma kama babu yake. Usihangaike, mwanangu."

Daktari aliniuliza swali moja: "Akikoroma, pumzi hukatika?" Sikuweza kujibu. Usiku nilikuwa nasikiliza pumzi za watoto wa wenzangu wodini.

Kinasa cha kwaya

Kwaya yetu ilikuwa na kinasa sauti kidogo cha MiniDisc, nikakiazima. Hiki ni kidiski kilichofungwa ndani ya kasha la plastiki lenye upana wa sentimita 7 hivi. Kampuni ya Sony ilikileta sokoni mwaka 1992. Kaseti ya dakika 90 hugeuzwa baada ya dakika 45, na nani angeigeuza usiku? Kidiski cha dakika 80, kwenye vinasa vilivyotoka kuanzia mwaka 2000, kiliweza kurefushwa hadi dakika 320, yaani saa 5 na dakika 20. Sauti hupungua ubora, lakini kwa kusikiliza mtu akikoroma inatosha.

Usiku wa kwanza nilikichomeka kwenye umeme bila kuweka betri. Umeme ukakatika, na asubuhi nikakuta kidiski kitupu. Kosa lilikuwa langu. Kinasa cha aina hii huandika orodha ya vilivyonaswa mwishoni, kinaposimamishwa au kidiski kinapojaa. Nguvu ikikatika kabla ya hapo, ni kama hukunasa kitu.

Usiku wa pili niliweka betri mpya na umeme pia. Nilimweleza mama mkwe, akacheka: "Basi hata kukoroma kwangu utakusikia!" Mtoto alipolala, niliweka kipaza sauti kwenye kigoda karibu na mto wake, waya mbali na mikono yake. Kinasa hakikuwa na saa ya kujiwasha, kwa hiyo nilikiwasha mwenyewe na kusema kwa sauti, "Jumanne, saa 2 kamili usiku." Nikaenda kazini. Kidiski kingejaa na kusimama chenyewe saa 7 na dakika 20.

Nilichosikia

Asubuhi nilikaa jikoni na kusikiliza. Kihesabu kilipofika saa 3 na dakika 12, yaani saa 5 na dakika 12 usiku, kukoroma kulikoma ghafla. Kimya. Nilitazama saa yangu ya kazi na kuhesabu: sekunde 14. Kisha akavuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyeibuka majini. Baada ya muda mfupi, tena. Na tena. Nililia.

Daktari alisikiliza dakika chache tu, akatupeleka kwa bingwa wa masikio, pua na koo. Mafindofindo na nyama za nyuma ya pua zilikuwa zimeziba njia ya hewa. Alifanyiwa upasuaji. Alipopona alilala kimya kabisa, hata mimi ndiye niliyekuwa naamka kusikiliza kama anapumua.

Ukitaka kufanya hivyo leo

Sony waliacha kutengeneza vidiski hivyo vya kunasia mwaka 2025, lakini simu yako inaweza kazi hiyo. Kumbuka haya:

1. Hakikisha kuna chaji na nafasi ya kutosha. Jaribu kwanza kwa dakika 10.
2. Zuia simu zinazoingia, na usiweke simu kitandani.
3. Taja tarehe na saa mwanzoni, ili ujue kila sauti ilitokea saa ngapi.
4. Waambie wanaolala chumbani. Kunasa sauti ya mtu kwa siri si upendo.
5. Andika dakika zenye shida kwenye karatasi. Daktari hana muda wa kusikiliza usiku mzima.

Sauti hiyo si kipimo kamili. Hata kama hukusikia kitu, lakini mtoto anakoroma karibu kila usiku na mchana anasinzia, mpeleke. Tena, mtoto akiwa na midomo ya bluu au mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, usingoje kunasa chochote. Kimbilia hospitali usiku huohuo.

Mama hawezi kuwa kila mahali. Asipokuwepo, si dhambi kuacha kitu kitakachomsaidia kusikia.