Ziara za kujitolea vituo vya watoto: Kwa nini zinapingwa?

Na Mwandishi Wetu

KILA ifikapo Juni, vyuo vingi vya Ulaya na Marekani vinapofunga kwa likizo ndefu, makundi ya vijana wenye mabegi mgongoni huanza kuonekana katika mitaa ya Arusha na Moshi. Baadhi yao huja kupanda Mlima Kilimanjaro au kutembelea Serengeti. Wengine huja kwa shughuli inayoelezwa kwa maneno mepesi: kukaa na watoto.

Shughuli hiyo ni kwenda katika kituo cha kulelea watoto yatima kwa wiki mbili, pengine miezi miwili, kucheza na watoto, kuwafundisha nyimbo na Kiingereza, kuwabeba walio wadogo na kuwalisha. Nia ya vijana hao kwa kawaida ni njema, na wengi huchangisha fedha kwa ndugu na majirani ili kupata nauli. Hata hivyo, tangu mwanzoni mwa muongo uliopita watafiti na serikali kadhaa wamekuwa wakizitazama safari hizo kwa jicho jingine.

Hoja ya kwanza inamhusu mtoto mwenyewe. Mtoto mchanga hujifunza kuamini watu kupitia wachache anaowaona kila siku, wanaomlisha na kumbembeleza anapolia. Mwaka 2010 watafiti Linda Richter na Amy Norman walionya kuwa watoto wa vituoni, ambao tayari wametengana na wazazi, hujenga mapenzi na mgeni kisha hupokonywa mapenzi hayo, mara baada ya mara.

Utafiti ulioanza mwaka 2000 mjini Bucharest, Romania, unasaidia kueleza jambo hilo. Wanasayansi Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wakiishi vituoni. Kwa kura, nusu yao walipangiwa kwenda katika familia za malezi ya kambo, na waliohamishwa kabla ya umri wa miaka miwili hivi walipata nafuu kubwa zaidi katika uhusiano wao na walezi. Dalili mojawapo inayojulikana kwa watoto waliokulia vituoni ni kumkimbilia mtu wasiyemjua, kumkumbatia na kuwa tayari kuondoka naye. Kwa kijana aliyeshuka jana kutoka kwenye ndege, hiyo ni furaha, na ndiyo picha atakayorudi nayo kwao. Kwa wataalamu, inaweza kuwa alama ya mtoto aliyekosa mtu wake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili, lakini msemo huo ni wa nyumba yenye wenyewe. Kituoni mgeni huaga Ijumaa, na Jumatatu huja mwingine kuanza upya na wimbo uleule wa herufi.

Hoja ya pili ni fedha. Mwanafunzi huilipa kampuni inayoandaa safari, na kituo hupata sehemu ya malipo hayo au misaada inayofuata baadaye. Pale wageni wanapokuwa chanzo kikuu cha mapato, watoto hugeuka mtaji. Nchini Kambodia, vituo viliongezeka kwa asilimia 75 kati ya mwaka 2005 na 2010, vikafika 269, na vya serikali vilikuwa 21 tu. Karibu robo tatu ya watoto waliokuwa humo walikuwa na mzazi aliye hai. Umaskini ndio uliowafikisha huko, pamoja na ahadi ya shule na chakula.

Lipo pia suala la usalama, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Uingereza, mtu anayetaka kazi ya kulea watoto huchunguzwa kwanza rekodi yake ya uhalifu. Inakuwaje kijana huyohuyo apokewe kituoni ugenini na kuogesha watoto siku anayowasili?

Nchini Australia, kamati ya Bunge katika ripoti yake ya Desemba 2017 ilihusisha usafirishaji wa watoto kwenda vituoni na utumwa wa kisasa. Novemba mwaka huohuo Kenya ilisitisha usajili wa vituo vipya, na baadaye ikaandaa mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwarejesha watoto katika malezi ya familia. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lililogusia madhara ya kujitolea vituoni.

Tanzania, Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Mgeni anayekuja kukaa nchini kwa kujitolea naye huhitaji kibali cha ukaazi daraja C.

Kufunga milango ghafla si jibu, kwani vipo vituo vinavyoendeshwa kwa uadilifu na watoto wasio na pengine pa kwenda. Ndiyo maana wanaotaka mabadiliko hushauri misaada ihamishiwe taratibu kwa familia, ili bibi au shangazi amudu ada na chakula. Mgeni mwenye ujuzi, kama muuguzi au mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hushauriwa awafundishe walezi, ambao hubaki na watoto yeye akishapanda ndege.