LUKU Moja, Vyumba Sita

Jumatatu mpaka Ijumaa mimi ni mpangaji. Nina geto Msewe, chumba kimoja, choo cha nje tunachotumia wanne. Jumamosi nikipanda daladala kwenda Tabata nageuka kuwa mwenye nyumba, maana tangu baba afariki mama amenikabidhi daftari la wapangaji na funguo za akiba. Vyumba ni sita. Kodi yake ndiyo inamlipia mdogo wangu ada, na ndiyo inaniokoa mimi bumu likichelewa. Msiseme hayawahusu. Wengi wetu tutarudi nyumbani tukute vyumba viwili vitatu vya uani ambavyo mzee amechoka kuvifuatilia, na kwa kuwa "wewe ndiyo msomi", daftari litakuwa lako.

Mwanzoni niliamini shida ya kupangisha ni kodi. Sivyo. Kodi imeandikwa, ina tarehe, na mtu akichelewa anajua amechelewa, hata salamu yake inabadilika. Kinachovunja nyumba ni mambo madogo ambayo hakuna aliyeyaandika, na la kwanza kabisa ni umeme.

Nyumba yetu ina mita moja ya LUKU. Baba alikuwa ameweka utaratibu wa kila chumba kuchanga elfu tano kwa mwezi, ukaenda miaka bila kelele. Kisha chumba namba nne akaingia mama mmoja anayeuza barafu za ubuyu, akaja na friza. Mpangaji wa ndoto: analipa miezi sita mbele, anadeki korido bila kuambiwa, mama yangu anampenda kama ndugu. Ila uniti zilizokuwa zinafika mwisho wa mwezi zikaanza kukata tarehe 18. Kijana wa chumba namba mbili, fundi simu, mwenye taa moja, feni na pasi, akagoma kuchanga. Wawili wakamfuata. Nyumba ikalala giza siku tatu, barafu zikayeyuka, matusi yakatembea koridoni, na mimi niko kwenye mitihani.

Hapo nikafanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma. Nilimpigia yule fundi simu, nikamwambia aache fujo. Nilimtetea mama wa barafu kwa sababu alikuwa mlipaji mzuri, wala sikuuliza nani anatumia nini. Kijana akanijibu kwa adabu tu, "Sawa bosi," na mwisho wa mwezi akahama. Chumba chake kilikaa wazi wiki saba.

Baada ya mitihani ndiyo nikakaa na kalamu. Kwenye matumizi ya kawaida, uniti moja ni shilingi 292, ukiongeza VAT na tozo za REA na EWURA inafika kama 356. Ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28 hivi. Ipo bei nafuu ya shilingi 100 kwa mita inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, lakini nyumba ya vyumba sita kwenye mita moja isahau hiyo. Sasa tazama: taa ya wati 10 ikiwaka saa tano kila siku haifiki uniti mbili kwa mwezi. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa ni nusu uniti. Hita ya kuchemshia maji ya wati 1,500, dakika ishirini tu, nayo ni nusu uniti, na ukiitumia kila asubuhi ni uniti 15 kwa mwezi. Friza halina mapumziko.

Nikamwita fundi umeme afunge mita ndogo kwa kila chumba. Vifaa na ufundi vilikula kodi ya karibu miezi mitatu ya chumba kimoja. Ukikumbuka chumba kilikaa wiki saba bila mtu, hiyo si hasara. Mwezi wa kwanza tuliposoma, friza lilikuwa limekula uniti 71. Kwa bei ile ni zaidi ya shilingi 25,000, na yule mama alikuwa anachanga elfu tano. Hakuwa mwizi. Hakujua, na sisi hatukujua. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi mwanangu, yule kijana alikuwa na haki yake."

Utaratibu wetu sasa: Jumamosi ya mwisho wa mwezi nasoma mita ndogo mbele ya wapangaji, napiga picha, natuma kwenye kundi la WhatsApp. Kila chumba kinatoa hela kwa matumizi ya mwezi uliopita, tofauti inasawazishwa mwezi unaofuata. Tofauti kati ya mita kubwa na jumla ya zile ndogo, yaani taa za nje na korido, ni ya kwetu wenye nyumba.

Kuna jambo jingine ndani ya LUKU ambalo wapangaji wengi, wanachuo tukiwemo, tunalilipa kimyakimya. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye ununuzi wa umeme. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikapanda hadi 1,500. Hii ni kodi ya mwenye jengo. Anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi ndiye anakatwa, na mara nyingi huyo ni mpangaji. Kwa mwaka ni shilingi 18,000. Mwenye nyumba muungwana anairudisha au anaipunguza kwenye kodi ya pango. Mama alibisha mwanzoni ("hela ndogo hiyo, wazoee"), nikamwambia kama ni ndogo basi tutoe sisi.

Kuhusu kupokea miezi sita kwa mkupuo: ni tamu siku hiyo. Hela yote inaingia kwenye ada na madeni, mwezi wa nne bati linavuja na huna hata ya kununua misumari. Sisi tunatenga kodi ya mwezi mmoja kati ya sita, haiguswi ila kwa matengenezo.

Mkataba uandikwe hata kama mpangaji ni mtoto wa shangazi. Kurasa mbili zinatosha: kiasi, tarehe, nani anatengeneza nini, umeme na maji vinagawanywaje, taarifa ya kuhama ni ya muda gani. Siku anaingia, pigeni picha kuta, soketi na kitasa, kila mmoja abaki na nakala. Mkataba wa pango unalipiwa ushuru wa stempu TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Watu huupuuza hadi siku wanapotaka kuutumia mbele ya baraza wanaambiwa wakalipe kwanza.

Na mpangaji akigoma kulipa? Mnazijua zile hadithi za kung'oa mlango, kuezua bati, kutupa godoro nje mvua ikinyesha. Usifanye. Ukigusa vitu vyake, mwenye kesi unageuka wewe. Mpe taarifa ya maandishi, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu baraza la kata. Tangu sheria ibadilishwe 2021, baraza la kata kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa linathibitisha hivyo, au siku 30 zikipita bila suluhu, ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni safari ndefu, nakiri. Ndiyo maana mimi siku hizi sisubiri deni lifike miezi mitatu, nabisha hodi wiki ya kwanza, tunaongea.

Wapangaji wanachuo tuna sifa mbaya kwa wenye nyumba, na tumeitafuta wenyewe: wageni hawaishi, spika usiku kucha, kodi inategemea bumu. Lakini mwanachuo akija Tabata namwandikia alipe bumu linapotoka, na ukomo wa kusubiri tunauandika. Nimepangisha wawili hivyo, hakuna aliyenikimbia.

Huku Msewe bado tunachanga sawasawa. Jirani yangu amenunua jiko la umeme mwezi uliopita. Nimeandika hesabu kwenye karatasi nikampelekea mama mwenye nyumba, akaisoma yote, akaikunja na kuiweka kwenye kanga. Amesema tutaongea.