"Twende Tukapimwe": Neno Gumu kwa Mume na Mke

Leo tunaongea juu ya jambo ambalo wengi wetu hapa Thika na Ruiru tunaliongea bila haya tukiwa kwenye matatu, lakini tukifika nyumbani linatushinda. Nalo ni kumwambia mwenzako mwende mkapimwe virusi vya Ukimwi.

Kwenye matatu ni rahisi kwa sababu anayesemwa ni mtu mwingine: "vijana wa siku hizi", "wale wa baa". Ikitajwa ndoa, mambo hubadilika. Machi 2013, televisheni zilionyesha tangazo la kondomu. Wanawake wawili wanaongea sokoni; mmoja ana mume na pia mpango wa kando, na rafiki yake anamshauri atumie mpira. Viongozi wa dini, Wakristo kwa Waislamu, walilalamika kwamba tangazo linahimiza uzinzi, nalo likaondolewa. Haya, tangazo huondolewa hewani. Virusi haviondoki hivyo.

Sasa tuingie nyumbani. Familia nyingi huku kwetu hukaa chumba kimoja cha ploti, watoto wako hapo hapo, na jirani anasikia hata ukikohoa. Basi usilazimishe mazungumzo haya chumbani. Tembeeni kidogo jioni, au ongeeni mkitoka kanisani au msikitini. Na usianze siku mliyogombana, wala siku amekunywa.

Anza na wewe mwenyewe. "Ulikuwa wapi Ijumaa?" ni mashtaka, na mtu akishtakiwa hujitetea. Afadhali useme: "Baba Wanjiru, nataka kujua hali yangu, na ningependa twende pamoja Jumamosi." Mwanamume naye aseme vivyo hivyo. Si lazima kila mara mama ndiye abebe mzigo huu.

Kuna kosa moja ambalo wahudumu hulisikia sana. Mama mjamzito hupimwa kliniki, akaambiwa hana virusi. Baba akisikia hivyo anasema, "Basi hata mimi niko sawa." Sivyo! Damu iliyopimwa ni ya mama. Mmoja anaweza kuwa na virusi na mwingine asiwe navyo, hata baada ya miaka mingi ya ndoa. Wala hiyo peke yake haionyeshi ni nani alitoka nje na lini, kwa sababu mtu anaweza kuingia katika ndoa akiwa navyo bila kujua.

Mkipatikana hivyo, ndoa haijaisha. Mwenye virusi akimeza dawa kila siku hadi virusi visionekane tena kwenye kipimo, na akaendelea hivyo, hatamwambukiza mwenzake kwa kujamiiana. Wakati hali hiyo haijafikiwa, yule mwingine anaweza kupewa vidonge vya kujikinga, na kondomu zitumike. Kama kuna aliyeambukizwa majuzi tu, kipimo kinaweza kukosa kumwonyesha, kwa hiyo mkiambiwa mrudi, rudini.

Kupimwa kunafanyika Thika Level 5, Ruiru Level 4 na katika zahanati nyingi. Wengine huogopa kukutana na jirani kwenye foleni. Hao wanaweza kununua kwa duka la dawa kifaa cha kujipima, ila kikionyesha kuna virusi, lazima uende kituoni ukathibitishwe.

Na ikiwa mwenzako ni mtu wa ngumi? Hapo usiwe na haraka ya kumwambia mkiwa wawili tu. Pimwa peke yako, kisha mweleze mshauri hofu yako. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 inalinda siri yako, na mnaweza kupanga jinsi ya kumwita mumeo au mkeo ili aambiwe mbele ya mshauri. Ukipigwa au ukitishwa, piga simu 1195. Haitozwi pesa, usiku na mchana.